Paka Mnene Hakamati Panya

Wakulima wa Salale, katika delta ya Rufiji, hulima mpunga. Mpunga ukishavunwa na kuwekwa ndani, panya huja. Mlinzi wetu ni paka. Lakini paka aliyenenepa kupita kiasi hawezi kulinda. Hakimbii, haruki, analala tu.

Watu wengi husema mnyama mnene ana afya. Sivyo. Mafuta yakizidi mwilini, paka huumwa viungo. Anaweza hata kupata ugonjwa wa kisukari, kama binadamu.

Utajuaje kwamba paka wako amenenepa mno? Mpapase ubavuni. Kama ni mzima, utazisikia mbavu kwa vidole bila kubonyeza kwa nguvu. Tumbo kubwa peke yake si unene. Huenda ana mimba au minyoo.

Unaweza pia kumpima. Panda kwenye mizani ukiwa umempakata. Kisha panda peke yako. Kama mara ya kwanza ni kilo 62, na mara ya pili ni kilo 56, paka ana kilo 6. Paka wengi wakubwa wana kilo 3 hadi 5.

Sasa ufanye nini? Usimshindishe njaa! Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini, naye anaweza kufa. Punda mnene naye ni hivyo hivyo. Akinyimwa chakula ghafla, mafuta hujaa katika damu yake. Mpunguzie pumba, lakini aendelee kula majani makavu.

Chakula cha paka kipunguzwe kidogo kidogo. Paka ni mla nyama. Mpe samaki aliyepikwa, bila miiba, asubuhi na jioni. Wali na ugali upunguze. Amlishe mtu mmoja tu. Mama akimpa, mtoto akimpa na babu akimpa, hamtajua amekula kiasi gani.

Paka wa kilo 6 apungue gramu 60 hadi 120 kwa wiki. Kupunguza kilo 1 kutachukua miezi 2 hadi 4. Msiwe na haraka. Akikataa chakula siku nzima, mwoneni bwana mifugo.

Wengine husema paka mwenye njaa ndiye hodari wa kuwinda. Si kweli. Paka anayekula kwa kiasi huwinda pia, na ana nguvu za kumfukuza panya.

Je, paka wako ana kilo ngapi? Mpime leo, uandike.