Shilingi 48.47 na saa ya dereva

Ukikata tiketi ya basi la daraja la kawaida kwenda mkoani, bei ile haikutoka kichwani mwa mwenye basi. Imejengwa juu ya kiwango cha kilomita. Desemba 2023 kiwango hicho kilipandishwa kutoka shilingi 41.29 hadi shilingi 48.47 kwa kila abiria, kwa kila kilomita. Zidisha kwa kilomita 450, ambazo ni kama Dar es Salaam hadi Dodoma, unapata takriban shilingi 21,800.

Anayekipanga ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019. Kabla yake ilikuwepo SUMATRA, jina ambalo kwenye stendi nyingi bado linatajwa kila siku. Shughuli za majini zilikwenda TASAC. LATRA ikabaki na mabasi, daladala, malori ya biashara, teksi, bajaji, bodaboda na treni. Barabara yenyewe ni ya TANROADS na TARURA, makosa ya barabarani yako kwa trafiki, na bei ya mafuta iko kwa EWURA. Nataja mipaka hii mapema kwa sababu abiria akikwama njiani hulaumu yeyote mwenye kofia, na lawama ikienda kwa asiyehusika haimzuii mtu kurudia kosa.

Hiyo 48.47 inapatikanaje? Unakusanya gharama za basi kwa mwaka: mafuta, matairi, vipuri, bima, mishahara, marejesho ya mkopo, na faida ya kiasi kwa mwekezaji. Unagawa kwa kilomita ambazo basi litatembea na idadi ya abiria watakaolipa. Ugomvi wote umejificha kwenye neno hilo "watakaolipa". Ukidhani kila kiti kinajaa kila safari, nauli inashuka. Ukidhani theluthi moja ya viti hubaki wazi, nauli inapanda kwa nusu nzima, bila bei ya dizeli kubadilika hata senti. Kwa hiyo wamiliki wanapofika kwenye mkutano wa taftishi, yaani kikao cha wazi ambako mamlaka husikiliza wadau kabla ya kuamua, mimi nasikiliza makadirio yao ya viti kuliko maneno yao kuhusu mafuta. Bei ya mafuta inatangazwa na kila mtu anaijua. Viti vilivyo wazi anavijua mwenye basi peke yake. Ndiyo maana tiketi mtandao, ambayo wengi waliipokea kama usumbufu, ni muhimu sana kwa mdhibiti: inahesabu abiria halisi.

Sasa njoo kwenye saa. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu mwisho ni 50. Weka Chalinze, Morogoro, hifadhi ya Mikumi, milima ya Kitonga, Mafinga, Makambako, chakula na mizani. Saa 13 ni makadirio ya mtu mkweli. Mwenye basi akimwahidi abiria saa 11, ameshamwambia dereva akimbize gari, hata kama hakutamka neno.

Ratiba basi si karatasi ya kubandika dirishani. Ni chombo cha usalama. Kwa takriban miaka 30 mabasi yetu hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, na nia ilikuwa njema. Lakini basi lililopoteza saa moja kwa pancha lilibaki na njia moja tu ya kuirudisha saa hiyo kabla giza halijaingia sana: mguu wa kulia wa dereva. Oktoba 1, 2023 safari za saa 24 ziliporejea, wengi waliogopa. Mimi niliona kwamba angalau dereva aliyechelewa amepewa ruhusa ya kuchelewa.

Niliwahi kukaa kiti cha mbele kabisa kwenye safari ya Iringa. Kabla ya kuondoka, dereva alitoa kwenye mnyororo wa funguo kitufe kidogo cha chuma, akakigusisha kwenye kifaa kilicho karibu na usukani. Kitufe hicho, wanachokiita i-button, kinauarifu mfumo wa VTS, ule wa kufuatilia mwendo wa mabasi, kwamba anayeendesha ni fulani, aliyesajiliwa na kufanya mtihani. Tulipopita Mikese kifaa kikaanza kulia. Alipunguza mwendo, kikanyamaza. Baada ya dakika chache kikalia tena, na abiria wa nyuma yangu akapaza sauti: "Kaka, zima hicho kidude, kinatupigia kelele!"

Dereva hakugeuka. Alijibu taratibu, "Mama, hakizimwi. Kikizimwa, Dodoma wanaona."

Kwa "Dodoma" alimaanisha LATRA. Ni kweli, kuchezea VTS ni kosa, na mabasi yamewahi kusimamishwa kwa sababu hiyo. Lakini jambo lililoniuma ni kwamba aliyetaka kizimwe alikuwa abiria. Tunalipia kilomita, halafu tunasifia basi kwa saa. Dereva anasukumwa na bosi mbele na sisi nyuma, na kwa safari inayozidi saa nane sheria inataka awe na mwenzake wa kupokezana, sharti ambalo abiria mwenye macho angeweza kulikagua mwenyewe pale pale stendi.

Kwenye treni hesabu ni ile ile. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza mwaka 2024, daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 69.51 kwa kilomita, na Dar es Salaam hadi Dodoma ikawa shilingi 31,000. Basi la daraja la kati lilikuwa shilingi 67.84 kwa kilomita. Ukigusa kimoja umegusa na kingine. Ila reli ina uzito wake. Juni 24, 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilianza kurudi nyuma, ikateremka kwa kasi na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Sheria ya SUMATRA ilikuwa imepitishwa mwaka mmoja kabla, lakini mamlaka yenyewe ilikuwa bado haijaanza kazi. Kila ninaposikia mtu akisema ukaguzi wa breki na reli ni urasimu, nakumbuka Igandu.

Narudi mjini, ambako hesabu hii inaumiza wadogo. Kwa viwango vya Desemba 2023, daladala ya hadi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Dereva anadaiwa hesabu ya bosi jioni, na kiti cha mwanafunzi kinamletea theluthi moja tu. Simama kituo chochote cha Mbagala saa kumi na moja jioni utaona kinachofuata: konda anaziba mlango kwa mkono, "Wanafunzi wawili tu! Wawili tu!", na gari linaondoka na nafasi. Nauli ya mwanafunzi ni haki, wala sitaki iguswe. Lakini ile shilingi 400 inayopungua haifidiwi na yeyote, kwa hiyo mtoto anailipa kwa kusimama kituoni. Faini kwa konda inasaidia siku ya msako. Kesho yake hesabu ya bosi iko pale pale.

Hoja hii inapaswa kusemwa kwenye taftishi, ambako LATRA CCC, baraza la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, huwasemea abiria. Zile nilizohudhuria zilifanyika asubuhi, siku ya kazi. Wamiliki walikuja na mafaili na wahasibu wao. Abiria tulikuwa wachache, viti vya nyuma. Wanafunzi hawakuwepo hata mmoja. Saa ile walikuwa darasani, wale waliowahi kupata gari.