Kwa nini rubani mwanafunzi hutupwa majini na wenzake?

Kwenye kambi ya jeshi la anga ya Laughlin, Texas, usishangae kuona rubani mwanafunzi anabebwa mzobemzobe na kutupwa kwenye tangi la maji. Hajakosa kitu: ametoka kurusha ndege bila mwalimu kwa mara ya kwanza.

Wanaomtupa ni wenzake wa darasa, maana ndio waliompika. Asubuhi mwalimu hutaja dharura, mfano injini imezima angani, na mwanafunzi mmoja husimama kueleza hatua zote. Akikosea anakaa chini, na anaweza kuzuiwa kuruka siku hiyo.

Ndiyo maana jioni wanaulizana maswali na kukaa kwenye viti vya kawaida wakijifanya wako angani. Peke yako hutoboi.