Diski kubwa njo gani? Tutoshe kwanza majina ya wakubwa

Katika bisi ya kwenda kazini saa kumi na moja ya asubui, mtu mmoja akifungulia muziki ku telefone yake, ubishi unawaka. Wazee wanasema hakuna diski inayoshinda Mario ya Franco. Vijana wanajibu: Solola Bien ya Werrason. Mwengine anatupa jina la Koffi. Kiisha kuna mzee mmoja huko nyuma, alikuwa amenyamaza tangu tutoke ku kambi, anauliza juu ya nini hakuna anayetaja Mwenda Jean Bosco. Mpaka bisi inafika ku mlango wa kampuni, hakuna aliyeshinda.

Miye ni delege wa sindika, si mwanamuziki. Lakini ubishi huu ninaupenda, maana swali lililo ndani yake tunaliuliza kila siku ku kazi: nani analipa, nani anafanya, na nani anasifiwa? Tukisema diski fulani ni kubwa, ni nani aliyeipima? Tuzichukue moja moja.

Mario: sifa yake ni ya haki

Franco Luambo na TP OK Jazz walitoa Mario mwaka wa 1985. Ni habari ya kijana mwenye masomo ambaye hataki kujitafutia. Anaishi ku nyumba ya mwanamke aliyemupita miaka, anakula franga yake, anavaa nguo anazonunuliwa, na kiisha anamupiga. Madilu System anaimba, na Franco anaingia katikati na sauti yake nzito, anasema-sema kama mjomba aliyeitwa kusuluhisha mambo ya nyumba. Wimbo unakaribia robo saa.

Vijana wanasema ni mrefu mno, gita zinazunguka pahali pamoja. Ni kweli zinazunguka. Zinakaa chini ya maneno ili maneno yasikike, kama vile mtu anayeshika taa anavyosimama pembeni ili mwenziwe aone pa kutoboa. Diski za zamani za 78 tours zilikuwa na dakika tatu hivi ku kila upande. Habari ya Mario isingeingia humo. Diski ya 33 tours njo ilimpa Franco nafasi ya kueleza kesi nzima, na yeye akaitumia yote.

Halafu kuna ushahidi mwengine, uko ku kinywa cha watu. Mario limekuwa neno. Hapa kwetu, mwanaume anayelishwa na mwanamke tunamwita Mario. Hata Tanzania, ambako wengi hawasikii Lingala, mtu wa namna hiyo wanamwita marioo. Ni diski ngapi zimeongeza neno ku lugha ya nchi nyingine? Na hakuna aliyelipa watu ili waseme neno hilo. Wazee wana haki juu ya diski hii.

Wamama nao wana neno

Lakini mwaka mmoja mbele ya Mario, yaani 1984, Franco na Madilu walitoa Mamou. Hii nayo inasifiwa sana. Ni habari ya mwanamke ambaye bwana yake yuko Ulaya anatafuta maisha na kutuma franga, na huku nyuma mke anatembea na wanaume wengine. Muziki wake ni mtamu kabisa. Nani anayekataa?

Sasa uisikilize ukiwa mke wa mchimbaji. Bwana yuko ku kambi ya kazi ku Fungurume ama Kolwezi wiki nyingi, wewe umebaki na batoto Lubumbashi ama Likasi. Mama mmoja wa kambi yetu aliniambia: «Muziki iko muzuri, hata miye nachezaka. Lakini bwana akitoka ku kazi anaweka ile wimbo, anaanza kuniangaria ku macho. Sasa nijibu nini? Wimbo haina masikio.»

Wanaume walicheka. Miye sikuona kitu cha kucheka. Katika nyumba zetu, mwenye kubaki ndiye anayepanga franga ile kidogo inayotumwa: unga wa bukari, minerval ya batoto, deni ya duka, dawa ya mama mkwe. Mara nyingi anaongeza na yake, ya kuuza makala ao mikate. Kama mshahara umekawia, yeye njo anayekutana na mwenye duka, si sisi. Franco alijua kueleza mwanamke anayedanganya. Yule anayebaki na kushika nyumba, bado tunangojea diski yake.

Je, basi Mamou si diski kubwa? Miye nasema gita na sauti ni za juu, lakini maneno yanapiga upande mmoja tu. Mtu anaweza kusifu ile na kupinga hii bila kuitwa adui wa muziki. Ku sindika tunasoma mkataba kipengele kwa kipengele: tunasaini kile kizuri, tunabishana juu ya kile kibaya. Diski nayo inasomwa vile.

Azda na Candidat: wimbo wa kulipiwa

Kuna kitu wazee wanasahau wanapowatukana vijana kwamba muziki wao ni wa biashara. Mwaka wa 1973 Franco alitoa Azda. AZDA ilikuwa kampuni ya kuuzisha magari ya Volkswagen ku Zaire, na wimbo ule ni tangazo, unarudilia jina la gari mpaka mwisho. Mpaka leo ukipigwa ku ndoa, watu wasio hata na kinga wanasimama kucheza. Magari yale yamekuwa vyuma, lakini gita bado inatembea. Kwa hiyo kulipiwa peke yake hakuharibu wimbo. Fundi akifanya kazi yake vizuri, kazi inamupita yule aliyeiagiza.

Sasa angalia upande mwengine. Mwaka wa 1984, mwaka ule ule wa Mamou, Franco alitoa Candidat na biso Mobutu. Kulikuwa uchaguzi, na mgombea alikuwa mmoja tu. Wimbo ulikuwa unaita watu wamchague yeye, na ulisikika kila pahali. Orkestra ni ile ile, vidole ni vile vile. Leo nani anauomba ku sikukuu? Hata wale wanaotetea Franco usiku kucha wanauruka.

Tuweke nyimbo hizi mbili pamoja, tutapata fundisho. Makelele ya wakati diski inatoka hayaonyeshi kama ni kubwa. Redio inaweza kuamriwa. Inabidi kungojea mpaka yule aliyelipa, ao yule aliyeogopwa, aondoke. Halafu tuangalie kama watu wangali wanaomba wimbo.

Solola Bien: vijana wasikilizwe

Wenge Musica ilipasuka mwishoni mwa 1997. JB Mpiana alibaki na BCBG, Werrason na wenzake wakaunda Wenge Musica Maison Mère, na mwaka wa 1999 wakatoa Solola Bien. Mwaka uliofuata Werrason alipiga muziki ku Bercy, Paris. Mzee anayesema ni makelele tu hajasikiliza mpaka mwisho. Kabla ya seben, waimbaji wanapokezana kama watu wanaobadilishana poste: mmoja anashuka, mwengine anapanda, na hakuna anayemkanyaga mwenziwe. Na kazi ya atalaku ni kazi ya kweli: kujua dakika gani ya kuamsha watu, na neno gani la kutumia.

Palipo na shida ni ku mabanga. Ku Lingala, libanga ni jiwe. Kutupa libanga ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, na mara nyingi mtu huyo ametoa franga: mfanyabiashara, mkubwa wa serikali, ndugu aliye Ulaya. Tangu miaka ile, kuna diski ambazo majina ni mengi kuliko maneno ya wimbo. Na ku Lingala hiyo hiyo, kupiga libanga ni kuhangaika kutafuta maisha. Siye tunapiga libanga la kweli, la shaba na la kobalti, lakini sijasikia bado mwanamuziki anayetupa jina la timu ya poste ya usiku.

Tusiwe wakali bila kujua. Msanii anauzisha majina juu diski yenyewe haimulishi. Kasete na CD zake zilikopiwa ku barabara, na haki za mtunzi zinafika kidogo ao hazifiki. SONECA iliundwa 1969, SOCODA ikaja kuchukua nafasi yake 2011, na wanamuziki hawajaacha kulia. Habari hiyo tunaijua siye: kazi inaonekana, lakini ku karatasi ya malipo haionekani. Mtu ambaye hapati haki yake ataenda kuomba ku mlango wa mkubwa, na akishakula huko ataimba jina lake.

Kwa hiyo ninawapa vijana mtihani mmoja. Chukua diski unayoipenda, uisikilize ukitosha majina yote kichwani. Kinachobaki, njo diski. Solola Bien ikitolewa majina, kunabaki sauti nzuri, gita kali na ngoma inayoinua mtu. Nyingine zilizokuja nyuma yake, ukitosha majina, kunabaki kimya.

Masanga: kubwa bila kuwa albamu

Sasa nirudi ku mzee wa nyuma ya bisi. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, alikuwa anapiga gita ku Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta huko, na wimbo Masanga ukatoka ku diski ya 78 tours. Mtu mmoja, gita moja, dakika tatu. Kidole gumba kinafanya besi, kidole cha pili kinaimba juu yake, mpaka unaapa ni watu wawili. Halafu Mwenda akaenda Nairobi, wapiga gita wa Kenya wakajifunza kwake. Mwaka wa 1969 alipiga ku festivali ya Newport, Marekani.

Lakini ukitafuta liste za albamu kubwa za Kongo, Masanga hautauona, juu haukuwa albamu. Ndugu yake Edouard Masengo vilevile, na Losta Abelo vilevile. Anayechagua kipimo anakuwa amechagua na mshindi. Kipimo kikiwa albamu, Kinshasa inashinda, maana huko njo kulikuwa studio kubwa na orkestra za watu ishirini. Mwaka wa 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo mbili ku urithi wa dunia, na siye wote tulifurahi. Gita ya Katanga, iliyoimbwa na Kiswahili chetu katika miji ya migodi, haikuwa na wa kuisemea.

Na rekodi zenyewe ziko wapi? Zile za Tracey zinalindwa Afrika Kusini, ku maktaba ya muziki aliyoianzisha mwenyewe mwaka wa 1954. Tunashukuru kwamba zipo. Lakini mtoto wa Likasi anayetaka kusikia kilichochezwa ku barabara ya babu yake, ni lazima atafute ngambo, sawa na shaba.

Hapa njo ninaposimama. Mario inastahili, Solola Bien inastahili sehemu kubwa ya sifa zake, Mamou tuibishane, Candidat tuiache ku sanduku. Na Masanga tuuweke pamoja na zile kubwa, hata kama ni dakika tatu tu. Wenye diski za zamani ku nyumba, msizitupe wakati wa kuhama. Vijana wa telefone waje wazirekodi pamoja na habari ya mzee anayezijua, juu mzee naye haachi kopi.

Na tarehe 1 Mei, wakati tutapanga muziki wa sikukuu ya kazi, nitaomba wimbo mmoja wa Mwenda upigwe kwanza, watu wakiwa bado wamekaa. Kiisha muweke Werrason, tusimame. Wenye kupinga wanajua bisi yangu, ni ile ya saa kumi na moja.