Utangulizi: Kompyuta Inayojizima na Kuwaka Baada ya Kuongezewa RAM

Kuna malalamiko ambayo kila fundi wa kompyuta ameshayasikia. Mashine ilikuwa nzito, mwenyewe akashauriwa aiongezee RAM, ikaongezwa, ikawa nyepesi kweli. Kisha ikaanza kujizima na kuwaka yenyewe. Leo inafanya hivyo katikati ya barua, kesho kabla hata nembo ya Windows haijatokea. Fundi anaapa kuwa RAM aliyoweka ni nzima. Mwenye mashine anaapa kuwa kabla ya kwenda kwa fundi haikuwa na tatizo lolote. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya nafasi iliyo kati ya viapo hivyo viwili.

Karibu, msomaji. Uchunguzi wa hitilafu za kompyuta haupewi heshima kubwa miongoni mwa elimu. Mara nyingi hufundishwa harakaharaka, mwishoni mwa muhula, kana kwamba ni kazi ya bisibisi tu. Mimi nauona ni tawi la mantiki, na RAM ndiyo mlango mzuri wa kuliingia, kwa kuwa makosa yake ni ya hila kuliko ya kifaa kingine chochote ndani ya kasha. Feni ikifa mashine inachemka, kioo kikifa unaona giza. RAM mbovu yaweza kufanya kazi yake sawasawa mara mabilioni, kisha ikarudisha biti moja iliyogeuka, bila mlio wala taa.

Ili kuelewa kwa nini, turudi kidogo nyuma. Mwaka 1966 Robert Dennard, mhandisi wa IBM, alibuni njia ya kuhifadhi biti moja kwa kutumia transista moja na kapasita moja. Hataza yake ilitolewa mwaka 1968. Mwaka 1970 Intel ikaingiza sokoni chipu iliyoitwa 1103, yenye biti 1,024, ingawa yenyewe bado ilitumia transista tatu kwa kila biti. Wazo la Dennard ndilo lililoshinda baadaye kwa sababu ni rahisi na halichukui nafasi. Bei ya urahisi huo ni kwamba kapasita huvuja. Chaji iliyowekwa huanza kupotea papo hapo, hivyo lazima isomwe na kuandikwa upya kabla haijaisha. Katika RAM za DDR3 na DDR4 kila seli huhuishwa ndani ya milisekunde 64, na chipu ikipita nyuzijoto 85 za Selsiasi muda huo hukatwa nusu, kwani joto huharakisha uvujaji. Data iliyo ndani ya RAM inashikiliwa kwa nguvu, sekunde kwa sekunde, na kila mshiko una ukingo wake wa usalama. Tukiongeza kipande kingine, tunaugusa ukingo huo.

Biti moja ikigeuka, madhara yake yanategemea ilikuwa inabeba nini. Ikiwa ilikuwa sehemu ya picha, nukta moja itabadilika rangi na hakuna atakayejua. Ikiwa ilikuwa ndani ya hesabu za duka, takwimu itakuwa si sahihi na mashine itaendelea kana kwamba hakuna kitu. Ikiwa ilikuwa sehemu ya anwani ambayo kiini cha mfumo endeshi kinaitegemea, mashine inaanguka hapo hapo. Ndiyo maana tatizo lile lile hujitokeza leo kama skrini ya buluu, kesho kama programu iliyojifunga, keshokutwa kama faili lisilofunguka, na mwenye mashine akaamini ana maradhi matatu.

Kwa miaka mingi watu walidhani makosa haya husababishwa hasa na chembe za mionzi zinazopita. Dhana hiyo ilikuwa na msingi: mwishoni mwa miaka ya 1970 Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha kuwa chembe za alfa zinazotoka kwenye vifungashio vya chipu vyenyewe zinaweza kugeuza biti. Lakini mwaka 2009 Bianca Schroeder pamoja na watafiti wawili wa Google walichapisha uchunguzi uliofanywa kwenye seva za kampuni hiyo kwa takriban miaka miwili na nusu. Zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata makosa katika mwaka mmoja, na dalili zilielekea kwenye ubovu wa kudumu wa vifaa kuliko mionzi ya kupita njia. Kwetu sisi wachunguzi hiyo ni habari njema. Ubovu wa kudumu unaweza kuwindwa, maana hurudi pale pale.

Sasa tuitazame hiyo kujizima na kuwaka. Hapa wanaoanza hukosea kwa kuichukulia kuwa tukio moja, ilhali kuna namna tatu zilizo mbali kabisa. Ya kwanza ni uamuzi wa mfumo endeshi: Windows, kwa mipangilio yake ya kawaida, ikipata kosa lisilovumilika huiwasha mashine upya yenyewe, pengine kabla hujamaliza kusoma kilichoandikwa kwenye skrini ya buluu. Zima mpangilio huo wa kuwaka upya wenyewe, na mashine itasimama ikuonyeshe ujumbe wake. Majina kama MEMORY_MANAGEMENT au PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA yanaelekeza kwenye RAM bila kuthibitisha, kwa kuwa draiva mbovu nayo hutoa yayo hayo. Ya pili ni umeme kukatika ndani ya mashine: hakuna skrini ya buluu, ni giza la ghafla na kuwaka upya. Kumbukumbu za Windows zitaandika tukio namba 41, na wengi hulishika kama ushahidi dhidi ya RAM. Tukio hilo husema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Halimtaji mkosaji. Ya tatu ni mashine inayozunguka, ikiwaka na kuzima kabla ya kufika popote. Hapo Windows haijahusika kabisa, na swali ni kama madabodi imeweza kuzungumza na RAM au la.

Uliza kwanza ni ipi kati ya hizo. Swali hilo peke yake huokoa pesa nyingi.

Baada ya hapo, jihadhari na RAM mpya kugeuzwa mshukiwa pekee. Kuanza kwa tatizo baada ya kuongeza RAM kunakuambia pa kuanzia kutafuta, si pa kuishia. Fikiria mashine yenye kipande kimoja cha zamani chenye seli chache dhaifu. Kwa miaka mitatu seli hizo zilibeba vitu visivyo na uzito, au hazikuguswa kabisa. Kikiongezwa kipande cha pili, data huanza kugawanywa kati ya viwili na mpangilio wote wa anwani hubadilika. Seli zile zile dhaifu sasa zinaweza kubeba kiini cha mfumo. Kipande kipya ni kizima. Cha zamani ndicho kibovu, na kimefichuka tu. Nimeona mjadala huu ukiisha kwa fundi kurudisha pesa za RAM isiyo na kosa, na mashine ikaendelea kuugua.

Kuna pia vipande vilivyo vizima vyote viwili lakini haviwezani. Mfano ulio karibu nasi ni kompyuta mpakato zilizotumika maofisini Ulaya na Ghuba, kisha zikaletwa kuuzwa katika masoko yetu. Nyingi za miaka ya 2013 na 2014 hutaka DDR3L, inayotumia volti 1.35. DDR3 ya kawaida hutaka volti 1.5. Umbo lao ni moja, pini 204 kila moja, na pengo la katikati liko mahali pale pale, hivyo kipande kisichofaa kinaingia bila ubishi. Halafu mashine ama haiwaki, ama inawaka na kuyumba. Soma lebo kabla ya kulipa. Kwenye kompyuta za mezani lawama mara nyingi huangukia kasi: kipande kilichoandikwa 3600 hufikia kasi hiyo kwa wasifu wa XMP ulio juu ya kiwango cha kawaida, na vipande vilivyonunuliwa mbalimbali havikupimwa pamoja na yeyote. Zima XMP, uone. Na kwa wenye DDR5, subira: mara ya kwanza madabodi hujipima na RAM mpya, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa, hata mashine ikawaka upya mara moja au mbili. Anayekata umeme hapo anaharibu kazi iliyokuwa inakwenda vizuri.

Njia ya uchunguzi yenyewe ni fupi kuieleza na ndefu kuifuata: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Toa kipya, tumia cha zamani peke yake. Kisha kinyume chake. Kisha kila kimoja katika kila sloti. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye sloti, tazama sloti yenyewe, na zaidi ya hapo prosesa, maana kidhibiti cha RAM sasa kimo ndani yake. Pini moja iliyopinda kwenye soketi inaweza kuiangusha sloti iliyo nzima. Kila kimoja kikifanya kazi vizuri peke yake na viwili vikagombana, mara nyingi tatizo ni la kasi au volti. Kipimo cha kutumia ni Memtest86+, kinachotokana na programu aliyoiandika Chris Brady mwaka 1994. Huwaka kutoka kwenye flashi bila Windows, huandika ruwaza, huisoma, huigeuza, huisoma tena. Iache usiku kucha. Kosa moja linatosha kuhukumu, na asikwambie mtu kwamba makosa mawili ni machache. Kutopatikana kosa, hata hivyo, hakuiachii huru mashine nzima: kipimo hicho hakiichoshi pawa saplai kama mchezo au uhariri wa video unavyoichosha.

Kuhusu mikono sitasema mengi hapa. Chomoa umeme, na kwenye kompyuta mpakato tenga betri. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Sukuma hadi vishikizo vijifunge vyenyewe, kwani sehemu kubwa ya RAM zinazodaiwa kuwa mbovu hazikukaa vizuri tu. Kusugua pini kwa raba ya shuleni kumezoeleka, nami sikupendi: raba hukwaruza tabaka jembamba la dhahabu. Pombe ya isopropili na kitambaa laini vinatosha. Na kama umeshauriwa kusasisha BIOS ili RAM ikubalike, usifanye hivyo kwenye mashine inayojizima yenyewe. Ikizima katikati ya kazi hiyo, huenda isiwake tena.

Sura zinazofuata zina mazoezi, na mazoezi yanahitaji mashine halisi. Kama unayo iliyoanza kuugua, usiendelee kuifanyia kazi ukisubiri kufika mwisho wa kitabu. RAM mbovu huandika makosa yake hadi kwenye diski, na nakala unayoitengeneza ukiwa nayo inaweza kuharibika vilevile. Kwa hiyo rudisha RAM ya awali kwanza, ipime usiku mmoja, ikitulia nakili faili zako kwenye diski ya nje, ndipo ufungue sura ya kwanza.