Bunduki za ashigaru

Ukitazama filamu za samurai, utadhani vita vya Japani vya karne ya 16 vilikuwa kazi ya mabwana wenye panga mbili kiunoni. Kumbe sehemu kubwa ya majeshi yale ilikuwa ashigaru: askari wa miguu waliotoka mashambani, wakapewa silaha na deraya za kuazima zenye nembo ya bwana wao. Ndio waliokabidhiwa bunduki.

Bunduki zenyewe ziliingia mwaka 1543, Wareno walipofika kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa nchi, ndani ya jahazi la Kichina. Mtawala wa kisiwa, Tokitaka, alinunua mbili na kumwamuru mhunzi wake atengeneze mfano wake. Inasimuliwa kuwa mtutu haukumpa taabu. Kilichomsumbua ni parafujo ya kuziba mtutu kwa nyuma. Fumbo hilo lilipofumbuliwa, wahunzi wa Sakai na Kunitomo walifua bunduki hizo kwa wingi.

Bunduki hiyo ilikuwa gobore la utambi, na kulipiga kulihitaji utulivu. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia risasi, unashindilia. Kisha unaweka baruti laini kwenye kisahani cha pembeni, unakifunika, unapachika utambi unaofuka moto, unafunua, unalenga kitako kikiwa shavuni, wala si begani, ndipo unafyatua. Haya yote huku moto ukining'inia karibu na baruti yako na ya jirani yako. Ili kuokoa muda, ashigaru walibeba vibweta vidogo vyenye kipimo cha baruti na risasi yake tayari. Hata hivyo mpiga upinde hodari aliwapita kwa kasi, na mvua ilikuwa adui wa utambi. Ndiyo maana wapiga upinde waliwekwa kati yao, wawakinge wakati wa kushindilia. Lakini mpiga upinde wa kutegemewa hulelewa kwa miaka, na mkulima angeweza kufundishwa gobore kwa muda mfupi tu. Na risasi ya karibu ilitoboa deraya.

Hapo ndipo watu hutaja vita vya Nagashino, mwaka 1575. Mabwana wa vita Oda Nobunaga na Tokugawa Ieyasu walijipanga nyuma ya uzio wa magogo, mbele yao kijito, wakawasubiri wapanda farasi wa adui yao, Takeda Katsuyori. Hadithi maarufu inasema bunduki 3,000 zilipangwa safu tatu, safu moja ikipiga huku nyingine zikishindilia. Mimi siiamini. Imetiliwa nguvu na Oze Hoan, aliyeandika miongo kadhaa baadaye. Ota Gyuichi, aliyemtumikia Nobunaga mwenyewe, haelezi safu hizo tatu. Anaeleza vikosi vya bunduki chini ya maofisa maalumu, na mapigano ya saa nyingi ambamo Takeda walituma kundi baada ya kundi mpaka wakachoka.

Swali langu ni jingine: nani aliweza kupiga risasi kutwa nzima? Takeda nao walikuwa na bunduki. Ila baruti huhitaji shura, na Japani ilitegemea sana shura iliyoletwa kwa meli. Risasi nazo zilihitaji madini. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa baadhi ya madini ya risasi yaliyotumika Japani enzi hizo yalichimbwa Thailand. Nobunaga alikuwa ameishika Sakai, bandari tajiri yenye wafanyabiashara na mafundi wa bunduki. Takeda walitoka Kai, nchi ya milimani isiyo na bahari. Ujanja wa safu, hata kama ulikuwepo, usingemfaa mtu aliyeishiwa baruti.

Aliyemrithi Nobunaga kwa nguvu alikuwa Toyotomi Hideyoshi, ambaye inasemekana baba yake alikuwa ashigaru. Mwaka 1588 Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe panga, mikuki, pinde na bunduki. Tangu hapo mtoto wa shambani hakuweza tena kupanda cheo kwa njia aliyoipitia yeye.