Kabila amehukumiwa kwa ajili ya Goma, Kabondo bado ina hesabu yake

KISANGANI – Katika komini ya Kabondo, mazungumzo juu ya Joseph Kabila hayaanzii Goma. Yanaanzia Juni 2000, wakati mabomu yalipokuwa yakipita juu ya nyumba na watu kulala chini ya vitanda siku sita mfululizo. Ndiyo maana hukumu ya tarehe 30 Septemba 2025, ambayo Kinshasa iliichukua kama mwisho wa kitabu, hapa ilipokelewa kama ukurasa mmoja tu.

Siku hiyo Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu raisi wa zamani adhabu ya kifo bila yeye kuwepo. Makosa yaliyotajwa ni uhaini, uhalifu wa kivita na kushiriki katika uasi wa AFC/M23. Mahakama iliamuru pia alipe fidia ya takriban dola bilioni 33, sehemu kubwa kwa serikali, nyingine kwa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Tshopo haimo kati ya majimbo yaliyopewa fidia. Kiti cha mshtakiwa kilikuwa kitupu tangu kesi ilipofunguliwa Julai, miezi miwili baada ya Senati kumwondolea kinga kwa kura 88 dhidi ya 5. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha onekana Goma, mji ulio mikononi mwa M23 tangu Januari mwaka huo.

Kesi hiyo ilihusu Kabila aliyekwisha toka madarakani. Kabila aliyetawala, yule wa miaka 18 tangu Januari 2001 hadi Januari 2019, hajasimamishwa mbele ya hakimu yeyote. Na huyo ndiye Kabondo inayemjua.

Ni haki kusema kwanza kwamba mabomu ya mwaka 2000 si yake. Wakati ule baba yake, Mzee Laurent-Désiré Kabila, ndiye aliyekuwa raisi, na hata huyo hakuwa na amri yoyote Kisangani. Mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD na wadhamini wao. Majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia nchini kama marafiki, yalipigana hapa Agosti 1999, yakarudia Mei 2000, kisha yakapigana kwa siku sita, kuanzia Juni 5 hadi 10. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya makombora 6.600, raia zaidi ya 760 waliouawa, wapatao 1.700 waliojeruhiwa na nyumba zaidi ya 4.000 zilizoharibika. Hakuna askari wa Kabila aliyefyatua risasi katika vita hiyo.

Lakini raisi hupimwa pia kwa yale anayowafanyia watu waliopigwa kabla yake. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu.

Desemba 19, 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria na inapaswa kulipa. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa Kongo. Kiasi cha fidia hakikutajwa, nchi hizo mbili zikaambiwa zikubaliane zenyewe. Miaka kumi ikapita kwa mikutano isiyozaa kitu, na ni mwaka 2015 tu ambapo Kinshasa ilirudi The Hague kuomba mahakama ipange kiasi. Wakati huo mtu aliyepoteza mguu Juni 2000 alikuwa ameishi na gongo kwa miaka 15. Upande wa Rwanda hali ni mbaya zaidi: Februari 2006 mahakama hiyo hiyo ilisema haina mamlaka ya kusikiliza shauri la Kongo dhidi ya Kigali. Mtu aliyepigwa na bomu la Mnyarwanda hana mahali pa kupeleka karatasi yake.

Kuna kidonda kingine ambacho Kinshasa hukisahau upesi. Mei 14, 2002, askari na polisi walioasi ndani ya RCD-Goma waliteka redio mjini na kuwataka raia wawafukuze Wanyarwanda. Uasi ulizimwa kwa masaa machache. Kilichofuata ni mauaji: Mangobo, uwanja wa ndege, daraja la Tshopo, ambako maiti zilitupwa mtoni. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka huo iliwataja makamanda wa RCD waliohusika na ukandamizaji, miongoni mwao Laurent Nkunda na Gabriel Amisi, anayejulikana kama Tango Four.

Safari hii Kabila alikuwa raisi, ingawa mji haukuwa wake bado. Mwaka mmoja baadaye, kwa mapatano ya Sun City, nchi iliunganishwa tena na RCD ikaingia serikalini. Hiyo ni kazi kubwa ambayo hata maadui zake hawawezi kuikana: ndege zilianza tena kuruka kati ya Kisangani na Kinshasa, mto ukafunguliwa, mahindi na samaki vikapita. Bei ya amani hiyo ilikuwa vyeo. Amisi alipanda hadi kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu. Mwaka 2012 Kabila alimsimamisha, baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kumtuhumu kuyauzia silaha makundi ya waasi, kisha mwaka 2014 akamrudisha na kumpa kanda ya kwanza ya ulinzi. Kwa mambo ya Mei 2002 hakuwahi kuhukumiwa.

Nkunda naye aliteuliwa katika jeshi jipya, akakataa kwenda Kinshasa. Mwaka 2004 aliingia Bukavu kwa nguvu, mwaka 2006 akaunda CNDP. Machi 23, 2009, serikali ya Kabila ilitia saini mapatano na CNDP na kuwaingiza wapiganaji wake jeshini wakiwa na vyeo vyao. Tarehe hiyo ndiyo iliyolipa M23 jina lake. Waasi wa 2012 walisema wanapigana kwa sababu mapatano yale hayakutimizwa.

Kwa hiyo swali ambalo mahakama ya Kinshasa haikuliuliza lilikuwa mbele ya macho yake. Ilimtafuta Kabila kati ya M23 ya mwaka 2025, ikaacha kuangalia jinsi kundi hilo lilivyozaliwa katika ofisi yake, kwa saini za watu wake, kutoka kwa makamanda ambao Kisangani ilikuwa imekwisha wataja miaka saba kabla. Uhaini ni neno zito. Uzembe wa kuwapa vyeo watu walioacha maiti mtoni hauna kifungu katika sheria ya kijeshi, lakini umeua wengi.

Mtu anaweza kusema watu wa Kisangani walimpenda. Ni kweli. Mwaka 2006, katika uchaguzi wa kwanza huru baada ya miaka zaidi ya arobaini, Mashariki yote ilimpigia kura, pamoja na Jimbo la Mashariki. Alishinda duru ya pili kwa asilimia 58 dhidi ya Jean-Pierre Bemba. Wengi waliona ndani yake kijana aliyezungumza Kiswahili na aliyemaliza vita. Alikuja na "Nguzo Tano", zile cinq chantiers: barabara, maji na umeme, elimu na afya, nyumba, ajira.

Katika barabara kuna la kuonyesha. Njia ya taifa namba 4, kutoka Kisangani kupitia Bafwasende na Nia-Nia hadi Beni, ilikuwa imemezwa na pori. Ilifunguliwa tena kwa mradi wa Pro-Routes, uliolipiwa zaidi na Benki ya Dunia na Waingereza, na magari ya wafanyabiashara wa Butembo yakaanza kushusha bidhaa mjini. Baiskeli za toleka, zilizobeba mji mzima wakati wa vita, zikaanza kuziachia njia pikipiki.

Umeme ni hadithi nyingine. Kituo cha mto Tshopo, kilichojengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, ndicho hicho hicho. Mashine zake tatu zilikuwa zikiharibika kwa zamu. Mtaa mmoja ukipata moto wa SNEL, mwingine unawasha mshumaa, na hii ikiwa mita chache kutoka maporomoko ambayo kila mtoto wa shule anayajua. Raisi aliyeahidi umeme mwaka 2006 aliondoka mwaka 2019 na mji bado unaishi kwa délestage.

Kisha yakaja mambo mawili yaliyomharibia jina. Mwaka 2015 alitekeleza mgawanyo wa majimbo. Ulikuwa umeandikwa katika Katiba ya Februari 18, 2006, lakini ulifanywa haraka, bila fedha, wakati ambapo uchaguzi wa raisi ulikuwa unakaribia. Kisangani ilikuwa makao ya jimbo lililofika Bunia, Isiro na Buta. Ikabaki na Tshopo yenye maeneo saba na misitu mingi. Dhahabu ya Kibali, iliyoanza kuchimbwa 2013, ikabaki Haut-Uele. Ofisi zikahama, na pamoja nazo mishahara iliyokuwa ikitumika katika masoko ya mjini.

La pili ni kiti. Januari 2011 Katiba ilibadilishwa ili raisi achaguliwe kwa duru moja tu. Mwisho wa mwaka ule alitangazwa mshindi kwa asilimia karibu 49 mbele ya Étienne Tshisekedi, na watazamaji wa Carter Center wakasema matokeo hayaaminiki. Muhula wake wa pili, ambao Katiba aliyoitangaza mwenyewe inasema ni wa mwisho, ulikwisha Desemba 19, 2016. Hakuondoka. Watu waliita glissement, kuteleza, kana kwamba raisi alikanyaga ganda la ndizi. Wakristo walipoandamana mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, na Kisangani nayo ikatoka barabarani, walijibiwa kwa gesi na risasi.

Alitoka mwishowe. Januari 24, 2019 alimkabidhi madaraka Félix Tshisekedi, na kwa mara ya kwanza tangu uhuru raisi wa Kongo alimwachia mwingine kiti akiwa hai na bila bunduki. Wapo wanaompa alama kwa hilo. Wengine wanakumbusha kwamba Kanisa Katoliki, lililokuwa na watazamaji 40.000, lilisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale liliyokusanya. Yote mawili ni kweli, na hakuna moja linalofuta jingine.

Kinachofanya hesabu hii isiwe ya zamani ni kwamba kipimo kile kile sasa kinawekwa juu ya mrithi wake. Oktoba 2024 Tshisekedi alikuja Kisangani, na ni katika mkutano wa hadhara hapa hapa alipotangaza kwamba ataunda tume ya kuandaa Katiba mpya. Mji uliotazama kuteleza kwa miaka miwili ulisikia tangazo hilo kwa masikio yake yenyewe.

Fedha za Uganda nazo zimeleta majaribu yake. Februari 2022 The Hague ilipanga dola milioni 325, zilipwe milioni 65 kila mwaka hadi 2026. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa, kujeruhiwa na kuteswa. Mfuko wa FRIVAO, wenye makao yake Kisangani, ulipewa kazi ya kuzigawa. Septemba 2, 2025, wiki nne kabla ya hukumu ya Kabila, Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu waziri wa zamani wa Sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kupora dola milioni 19 zilizotengwa kujenga gereza Kisangani. Fedha hizo zilitoka katika mfuko wa FRIVAO.

Kabila aliwaacha waathirika wakisubiri mahakama. Chini ya mrithi wake mahakama imesema, fedha zimefika, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye ukuta wa gereza ambao haujajengwa. Baadhi ya waathirika wamekwisha lipwa. Wengine bado wanazunguka na karatasi za hospitali za mwaka 2000 wakitafuta majina yao kwenye orodha, na awamu ya mwisho ya malipo ya Kampala imepangwa 2026.