Ugonjwa mmoja, umri mbalimbali: mwanafunzi wa uuguzi hujifunza nini?

Miongoni mwa Waswahili walioko ughaibuni, iwe London, Birmingham, Minneapolis au Maskati, si jambo geni kumkuta kijana, au hata mama mwenye watoto wakubwa, anayesomea shahada ya kwanza ya uuguzi. Ukimwuliza ni somo gani linalomnyima usingizi, huenda asitaje kupiga sindano wala kufunga vidonda. Atakutajia somo linaloeleza jinsi maradhi yanavyoanza mwilini, yanavyoendelea, na yanavyobadilika sura tangu utotoni hadi uzeeni. Wataalamu huliita patofiziolojia.

Katika makala haya tunalitazama somo hilo, na ili lisibaki kuwa maneno matupu, tutalifuata kupitia ugonjwa mmoja unaojulikana katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, Kongo na Oman: selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita.

Kwa nini rika zote?

Mwanafunzi huanza kwa kujifunza viungo vya mwili na mahali vilipo. Kisha hujifunza namna viungo hivyo vinavyofanya kazi katika mwili wenye afya. Patofiziolojia ni hatua inayofuata: ni kitu gani kimeharibika, kimeharibika vipi, na uharibifu huo unajidhihirisha kwa dalili zipi.

Nchini Uingereza mafunzo ya shahada ya uuguzi kwa kawaida huchukua miaka 3, na tangu jadi yamepimwa kwa saa 4,600, nusu yake darasani na nusu yake kazini. Mwanafunzi huchagua tawi moja kati ya manne: watu wazima, watoto, afya ya akili, au watu wenye ulemavu wa kujifunza. Hata hivyo, viwango vilivyotolewa mwaka 2018 na Baraza la Uuguzi na Ukunga la nchi hiyo vinamtaka kila muuguzi, awe wa tawi lolote, aweze kukidhi mahitaji ya watu wa rika zote. Nchini Marekani, ambako shahada hiyo kwa kawaida huchukua miaka 4, mhitimu hupewa leseni moja isiyombagua mgonjwa kwa umri wake.

Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Moyo wa mtoto mchanga aliye macho na mzima hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Kwa hiyo mapigo 140 kwa kichanga ni habari njema, na kwa mzee aliyelala kitandani ni kengele ya hatari. Homa nayo vivyo hivyo. Mtoto aliye chini ya miezi 3 akifikia nyuzi joto 38, hapaswi kusubiri hadi kesho. Ilhali mzee anaweza kuwa na maambukizi makali pasipo joto lolote kupanda, na dalili pekee ikawa kuchanganyikiwa ghafla au kuanguka. Asiyejua tofauti hizo atamwona mgonjwa asiijue hatari iliyo mbele yake.

Kosa dogo katika damu

Sasa tuugeukie ugonjwa wenyewe. Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago aliandika juu ya kijana mmoja kutoka Grenada ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa na umbo la mundu. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo limo ndani ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Miaka michache baadaye, huko Cambridge, Vernon Ingram alibaini kwamba kosa lote ni la asidi amino moja tu iliyochukua nafasi ya nyingine.

Afrika Mashariki nayo ina mahali pake katika historia hii. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kwamba watu wenye jeni moja ya selimundu walikuwa wengi katika maeneo ya pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu: mwenye jeni moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayezaliwa na jeni mbili, moja ya baba na moja ya mama, ndiye anayeugua, na kwake yeye malaria ni hatari kubwa. Ikiwa wazazi wote wawili wana jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Mwanafunzi anatakiwa kuuelewa mnyororo ufuatao. Oksijeni inapopungua, himoglobini yenye kosa hugandamana na kuwa kama nyuzi ngumu. Chembe iliyokuwa laini hupinda na kukakamaa. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo, na sehemu iliyo mbele yake hukosa damu. Hapo ndipo maumivu makali yanapozuka. Zaidi ya hayo, chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Matokeo yake ni upungufu wa damu na macho ya manjano. Anayeushika mnyororo huu hana haja ya kukariri orodha ndefu ya dalili, kwani kila dalili ataifikia kwa kuuliza: ni mshipa gani umezibwa, na ni kiungo gani kinachokosa hewa?

Kutoka kichanga hadi mtu mzima

Jambo la kwanza linalowashangaza wanafunzi ni kwamba mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa hana dalili. Sababu ni kwamba tumboni mwa mama alitumia himoglobini ya aina nyingine, ya mtoto aliye tumboni, ambayo haina kosa hilo. Baada ya kuzaliwa, himoglobini hiyo hupungua polepole, na kuanzia miezi 5 au 6 ugonjwa huanza kujitokeza. Mara nyingi ishara ya kwanza ni kuvimba kwa mikono na miguu, mtoto akilia kila anapoguswa.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, kiungo kinachoumia mapema ni bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja vijidudu kutoka kwenye damu. Kwa wengi huwa imekwisha kuharibika kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Ndiyo maana homa kwa mtoto huyu ni dharura, kwani bakteria wanaosababisha nimonia wanaweza kumwua kwa muda wa saa chache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza kila siku ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Aidha, bandama inaweza kuvimba ghafla na kunasa damu nyingi. Kwa hiyo muuguzi humfundisha mama kuipapasa kwa vidole chini ya mbavu za kushoto.

Mtoto anapokua, hofu huhamia kwenye ubongo. Kiharusi, ambacho wengi wetu tumezoea kukiona kwa wazee wenye shinikizo la damu, kinaweza kumpata mtoto wa chekechea mwenye selimundu. Siku hizi kasi ya damu katika mishipa ya ubongo hupimwa kwa mawimbi ya sauti, na walio hatarini huongezewa damu mara kwa mara. Figo nazo hushindwa kuhifadhi maji. Mtoto anayekojoa kitandani hapo hastahili fimbo, anastahili maji ya kunywa na maelezo.

Ujana una mtihani wake. Kijana huhama kutoka kliniki ya watoto, alikozoeleka, kwenda ya watu wazima, asikojulikana. Takwimu za Marekani zimeonyesha kwamba hatari ya kufa huongezeka katika kipindi hicho. Kwa mwanamke, ujauzito unaweza kuzidisha maumivu, kuleta kifafa cha mimba na damu kuganda mishipani. Na kwa mtu mzima, uharibifu wa miaka mingi hudai deni lake: nyonga iliyooza kwa kukosa damu, macho, mapafu, na figo.

Ni ugonjwa ule ule, wenye kosa lile lile moja. Umri ndio unaoamua ni mlango upi utagongwa kwanza.

Elimu isipokuwapo

Msikilizaji unaweza kuuliza: je, haya si kazi ya daktari? Jibu ni kwamba muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa saa zote, na mara nyingi ndiye wa kwanza kumpokea. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2012 unasema mgonjwa wa selimundu aliyefika hospitali kwa maumivu makali apewe dawa ndani ya dakika 30. Lakini ripoti ya kundi la wabunge wa nchi hiyo, iliyotolewa Novemba 2021, ilieleza kwamba wagonjwa wengi walicheleweshwa au hawakuaminiwa, na ikataja wazi mafunzo hafifu ya wahudumu wa afya kuwa sehemu ya tatizo.

Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha kiasi cha maumivu. Mgonjwa anaweza kuwa anaongea kwa simu, na bado anateseka. Asiyeelewa kinachotendeka ndani ya mishipa atamdhania mtu huyo kuwa mraibu anayetafuta dawa. Anayeelewa atakwenda kumletea. Vilevile, katika ngozi nyeusi weupe wa upungufu wa damu haujitokezi usoni. Hutafutwa kwenye ufizi, viganja na ndani ya kope. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa picha za ngozi nyeupe pekee ataipita dalili iliyo mbele ya macho yake.

Somo la kichanga lilivyogeuka tiba

Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson, huko Brooklyn, New York, aliona kwamba chembe za damu za watoto wachanga hazikupinda kama za mama zao, akafikiri kwamba himoglobini ya utotoni ndiyo inayowakinga. Wazo hilo lilizaa matunda makubwa. Dawa ya haidroksiyurea, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima, huifanya himoglobini hiyo iongezeke tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache, malaria kidogo, na vifo vilipungua. Na mwishoni mwa 2023, Uingereza kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12, ambayo nayo huiamsha himoglobini ile ile ya utotoni. Bei yake ingali mbali mno na uwezo wa familia nyingi za Afrika.

Hapo ndipo inapoonekana faida ya kuufuata ugonjwa katika umri wote. Siri ya kumtibu mtu mzima ilikuwa imefichwa katika damu ya kichanga.

Kwa wale mnaosomea uuguzi, popote mlipo, kila mnapokutana na ugonjwa mpya ulizeni maswali matatu: kitu gani kimeharibika, umri wa mgonjwa unabadilisha nini, na ni dalili ipi nitakayoiona kwanza? Na kwa msikilizaji ambaye hasomi uuguzi lakini anapanga kuoa au kuolewa, kipimo cha damu cha kujua kama unabeba jeni ya selimundu hufanywa kwa damu kidogo tu. Ni afadhali kulijua jambo hilo mapema, mkapanga pamoja, kuliko kulijua kwa kilio cha mtoto wa miezi sita.